Ufa ulioanzia juu: ndani ya ukuta wa tangi la mafuta la plastiki

Gari lilikuwa linanuka petroli asubuhi. Si kila asubuhi. Ni zile tu nilizolijaza jana yake nikalilaza nje, jua likaanza kulipiga. Kila aliyeinama kuchungulia chini ya bampa ya nyuma aliona kitu kilekile: mkwaruzo mrefu kwenye kitako cha tangi, zawadi ya jiwe fulani la barabara ya vumbi. Watu watatu kwa nyakati tofauti waliniambia jiwe hilo ndilo lililotoboa, mmoja wao muuza vipuri ambaye tangi la kubadilishia alikuwa nalo dukani.

Fundi wangu, mzee asiyependa maneno mengi, hakuafiki. Alipangusa mkwaruzo kwa kitambaa kikavu, akakinusa, akanipa nami ninuse. Hakikuwa na harufu yoyote. Tangi liliposhushwa likiwa tupu alilipiga ngumi ubavuni. Likabonyea, likarudi kama lilivyokuwa. "Jiwe halitoboi hili kirahisi," alisema. "Tatizo liko juu, tusikoona."

Tangi hilo lilijazwa maji, likamwagwa, likaachwa wazi siku kadhaa, kisha likakatwa kwa msumeno wa mkono. Kipande chake, ukubwa wa kiganja, kipo mezani kwangu ninapoandika. Ukikitazama ukingoni kilipokatwa, ukuta hauna rangi moja. Nje ni mweusi ti, unafuata weusi uliofifia, halafu mstari unaopitisha mwanga, mwembamba kama karatasi mbili zilizobandikwa pamoja, kisha weusi tena. Jumla milimita tano. Taabu nyingi ya kusanifu tangi imara la plastiki imo ndani ya milimita hizo tano. Iliyobaki imo pale ambapo ukuta huo umetobolewa makusudi ili vitu vingine vipite.

Chuma kilikosea wapi

Kwa miongo mingi tangi la gari lilikuwa mabakuli mawili ya bati la chuma, yaliyogandamizwa kwenye kalibu, yakapakwa utando wenye risasi ili yasishike kutu, yakaunganishwa ukingoni kwa kuchomelewa. Bei yake ilikuwa nafuu na mafundi walilijua. Lakini maji hayakosekani kwenye petroli: unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya tangi lililo nusu, matone hutelemka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli yanakaa chini kabisa. Kutu ikaanzia hapo, kwa ndani, mahali ambapo mwenye gari hapaoni mpaka siku chujio la mafuta limeziba au sakafu ya gereji imelowa.

Volkswagen ilipoleta Passat mwaka 1973, ilikuwa ndiyo ya kwanza kuweka tangi la plastiki kwenye gari linalotengenezwa kwa wingi. Kutu ilichangia uamuzi huo, na uzito pia, ila naona sababu iliyowavutia zaidi wasanifu wa magari waliofuata ni nafasi. Chini ya kiti cha nyuma panagombaniwa na egzosi, ekseli, springi na, kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, shafti inayopita katikati. Bati la chuma linakubali kukunjwa kwa kiasi, likizidishiwa linachanika. Plastiki inayopulizwa ikiwa laini hujaza kila kona unayoipa. Ndiyo maana leo kuna matangi yenye umbo la matandiko ya punda: mafuko mawili yanayoning'inia huku na huku, katikati pameachwa mgongo wa kupitisha shafti, na ndani kuna pampu ndogo ya kunyonya mafuta kutoka fuko la upande mmoja kwenda la pili.

Kuhusu uzito, hesabu yake ni fupi. Mita moja ya mraba ya bati la chuma lenye unene wa milimita moja ina karibu kilo 7.9. Mita ya mraba ya plastiki hii, hata ukiifanya nene mara tano, haifiki kilo 4.8. Mtu akikuambia plastiki ni nyepesi kwa sababu ni nyembamba, amepindua mambo: wepesi wake ndio unaompa msanifu ruhusa ya kuijaza unene.

Tambi ndefu

Malighafi yenyewe ni ya ukoo mmoja na dumu la maji, simtanki la juu ya nyumba na mfuko wa sokoni. Ni polietilini, katika aina yake nzito inayoitwa polietilini ya msongamano mkubwa, iliyowezekana baada ya wanakemia wa miaka ya 1950, Karl Ziegler wa Ujerumani mmoja wao, kugundua vichocheo vinavyoiunda bila kuhitaji mgandamizo mkubwa. Basi kwa nini dumu la juisi linapasuka likidondoka kutoka mezani, na tangi la gari linastahimili pigo la chuma chenye ncha?

Fikiria sahani mbili za tambi. Ya kwanza umezivunjavunja vipande vifupi kabla ya kupika. Ya pili umeziacha ndefu kama zilivyotoka kwenye pakiti. Chomeka uma kwenye ya kwanza, vipande vitakuja viwili vitatu. Chomeka kwenye ya pili, sahani nzima inataka kunyanyuka. Molekuli za polietilini ni nyuzi za namna hiyo. Plastiki ikipoa, sehemu za nyuzi hujipanga na kuwa vijiwe vidogo vigumu, na baina ya vijiwe hivyo hubaki maeneo malegevu. Uzi mrefu unaweza kuanzia kwenye kijiwe kimoja, ukapita eneo legevu, ukaingia kijiwe cha pili na hata cha tatu. Nyuzi hizo zinazounganisha vijiwe ndizo zinazozuia ufa kutembea. Plastiki ya tangi huchaguliwa iwe na molekuli ndefu mno, ili viungo hivyo viwe vingi.

Urefu huo una gharama yake. Plastiki yenye nyuzi ndefu ikiyeyushwa haitiririki, inakuwa nzito kama ugali unaotaka mwiko wa mkono wa mtu mzima. Huwezi kuisukuma kwenye kalibu kupitia tundu dogo kama wanavyofanya kwa vikombe na viti. Lakini uzito huohuo ni baraka katika njia ya pili ya kazi, ile ya kupuliza.

Soksi, kalibu na pumzi

Mashine ya kutengeneza tangi inateremsha mrija mnene wa plastiki ya moto, wazi chini, unaoning'inia hewani kama soksi kubwa. Hapa ndipo ugali mzito unapookoa kazi: plastiki laini zaidi ingenyooka kwa uzito wake yenyewe na kudondoka sakafuni. Nusu mbili za kalibu hujifunga juu ya soksi, zikiibana na kuiziba juu na chini, kisha hewa hupulizwa ndani. Soksi inatanuka mpaka inagusa kuta baridi za kalibu na kuganda hapo.

Sasa puliza puto ndani ya boksi la viatu. Sehemu za kwanza kugusa kuta za boksi zinabaki na unene wao; zile zinazolazimika kusafiri hadi pembeni zinavutwa, na kona inapata ngozi nyembamba kuliko zote. Tangi la gari lina tatizo hilohilo, tena baya zaidi, kwa sababu umbo lake si boksi. Ni kitu chenye mashimo, migongo na pembe kali zilizowekwa kufuata chochote kilichobaki chini ya gari. Na kona ndizo zinazopokea pigo la kwanza gari likigongwa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuidhibiti soksi yenyewe: mdomo wa mashine hupanuka na kubanwa wakati plastiki inateremka, ili sehemu itakayokwenda kwenye kona itoke nene na ile itakayobaki tambarare itoke nyembamba. Mashine nzuri hufanya hivyo kwa kufuata ramani iliyopangwa kwenye kompyuta, sentimita kwa sentimita. Dawa ya pili haihitaji mashine ghali, inahitaji ukaidi wa msanifu: azungushe kona. Kona butu huvutwa kidogo na haikusanyi nguvu mahali pamoja tangi linapobonyezwa. Nina hakika mabishano mengi kati ya wasanifu wa matangi na wenzao wa bodi ya gari ni ya milimita hizi za mviringo, kwa kuwa kila kona ukiizungusha unapoteza lita fulani ya mafuta, na lita hizo ndizo zinazotangazwa kwenye karatasi ya mauzo.

Kisha panabaki pale kalibu ilipobana. Mstari huo unaonekana kwenye tangi lolote la plastiki ukilitazama kwa chini: mshono mnene kidogo, kama kovu. Hapo plastiki mbili za moto zimelazimishwa kushikana kwa mgandamizo tu. Zikiwa zimepoa kidogo kupita kiasi, au kalibu ikibana vibaya, ndani ya mshono kunabaki mfereji mwembamba wenye umbo la V, na mfereji wa namna hiyo ni mwaliko wa ufa. Tangi likipasuka kwenye jaribio la baridi kali, mshono ni miongoni mwa sehemu za kwanza kukaguliwa.

Kupoa nako kuna visa vyake. Plastiki nene huchukua muda mrefu kupoa kuliko nyembamba, na inapopoa inasinyaa zaidi. Tangi lenye ukuta wa milimita nane mahali pamoja na tatu pengine litajipinda lenyewe baada ya kutoka kwenye kalibu, au litabaki limenyooka huku ndani likijivuta kimyakimya. Kwa hiyo ushauri wa "ongeza unene liwe imara" una kikomo. Unene usio sawa unaweza kuzaa udhaifu uleule uliokuwa unaukimbia.

Mstari ule unaopitisha mwanga

Kipande changu kilinuka petroli kwa wiki kadhaa baada ya kukatwa, ingawa kilikuwa kikavu. Polietilini na petroli ni ndugu wa kemia, zote mbili ni kaboni na haidrojeni, na ndugu hawafungiani milango. Molekuli za petroli huyeyuka ndani ya ukuta, hupenya taratibu kati ya tambi, na hutokea upande wa pili zikiwa mvuke. Hakuna tundu wala ufa. Tangi zima linatoka jasho. Juu ya hayo, ukuta ulioshiba petroli huvimba kidogo na kulainika, kwa hiyo msanifu anayepima nguvu za plastiki mpya kavu anajidanganya. Tangi la kupimwa ni lile lililoishi na mafuta.

Kanuni namba 34 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari, inayotumika Ulaya na nchi nyingine nyingi, inaliweka tangi la plastiki likiwa nusu kwenye joto la nyuzi 40 kwa wiki nane, na wastani wa upotevu hauruhusiwi kuzidi gramu 20 kwa siku. Huo ni ukarimu. California iliposhusha kikomo cha mvuke wa gari zima, likiwa limeegeshwa, hadi nusu gramu kwa jaribio la siku, polietilini peke yake haikuwa na pa kujificha. Watengenezaji walikuwa wamejaribu kwanza kuibadili ngozi ya ndani kwa gesi ya florini, au kwa kemikali ya salfa, ili iwe si ndugu tena wa petroli. Ilisaidia. Kisha ukaja mstari ninaouona kwenye kipande changu.

Ni plastiki nyingine kabisa, kifupi chake EVOH, ambayo petroli hupenya kwa shida sana. Kwa nini basi tangi zima lisitengenezwe kwa hiyo? Kwa sababu ni ghali, ni kavu na hupasuka ikipigwa, tena haipendi maji wala pombe. Kwa hiyo inafichwa katikati ya polietilini mbili, asilimia chache tu ya unene wote. Na kwa kuwa haishikani na polietilini, kila upande wake kuna tabaka la gundi. Weusi uliofifia kwenye kipande changu ni mabaki ya kiwanda, vipande vilivyokatwa kutoka matangi mengine vikasagwa na kurudishwa. Juu yake ni polietilini mpya yenye masizi ya kuikinga na jua, na upande wa ndani ya tangi polietilini nyingine. Hesabu: tabaka sita, zinazotoka kwenye mdomo mmoja wa mashine kwa wakati mmoja.

Hapa nguvu na ubanaji wa mvuke vinaanza kuvutana. Gundi ikiwa dhaifu, pigo la baridi linaweza kuachanisha tabaka. Kwenye mshono wa chini EVOH ya upande mmoja haiungani vizuri na ya upande wa pili, na mvuke unapata kichochoro. Ukuta ukivutwa sana kwenye kona, EVOH nayo inavutwa, na mstari unaofanana na karatasi mbili unakuwa robo ya karatasi. Nchi inayochanganya pombe nyingi kwenye petroli, kama Brazili, inauongezea mstari huo mzigo mwingine.

Nyundo, baridi na moto

Kanuni hiyo namba 34 ina jaribio ninalolipenda kwa unyofu wake. Tangi linajazwa mchanganyiko wa maji na kemikali ya kuzuia kuganda, linapoozwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, kisha linapigwa na bembea ya chuma yenye kilo 15. Uso wa bembea ni piramidi ya pembe nne, ncha yake imezungushwa kidogo tu. Nishati ya pigo haipungui joule 30, takriban sawa na jiwe la kilo tatu linalodondoka kutoka urefu wa mita moja. Tangi likivuja limefeli.

Kwa nini baridi namna hiyo? Kwa sababu plastiki nyingi hugeuka kioo zikipoa. Polietilini hugeuka kioo katika baridi kali zaidi, zaidi ya nyuzi mia moja chini ya sifuri, ndiyo maana ilichaguliwa. Lakini mshono mbaya au gundi dhaifu hujitangaza hapo. Msomaji wa Tanga au Mombasa atauliza baridi ya nyuzi 40 inamhusu nini. Inamhusu, kwa sababu tangi lililofaulu hapo linakuwa limeonyesha kwamba mishono yake haina mfereji wa V, na mfereji huo una madhara hata kwenye joto la pwani, ila kwa kasi ya kobe.

Kwa upande wa joto kuna jaribio la saa tano kwenye nyuzi 53 huku tangi likiwa na mgandamizo wa ndani wa baa 0.3 (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa inayotuzunguka), linaruhusiwa kuvimba, haliruhusiwi kuvuja. Na kuna moto. Tangi lililo nusu linafungwa kwenye gari au kwenye fremu inayofanana na gari, na beseni la petroli inayowaka linasukumwa chini yake kwa sekunde 60, kisha sekunde 60 nyingine likiwa limefunikwa na wavu wa matofali. Mafuta yasivuje.

Polietilini inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na moto wa petroli unapita mbali hapo. Linaponaje? Jaribu kuchemsha maji kwenye kikombe cha karatasi juu ya moto mdogo. Karatasi haiungui mahali palipo na maji, kwa kuwa maji yanapokea joto na kuliondoa. Petroli ndani ya tangi inafanya kazi hiyo, na plastiki yenyewe ni mvivu wa kupitisha joto, tofauti na chuma. Ukuta wa nje unaungua na kudondosha matone huku wa ndani ukibaki mzima kwa dakika zinazotosha watu kutoka. Zikizidi, tangi la plastiki hulainika na kufunguka, ambapo tangi la chuma lililoziba linaweza kukusanya mgandamizo hadi lipasuke kwa kishindo. Hakuna la kushangilia katika yote mawili, ila ukiniuliza lipi niwe karibu nalo, nitachagua la kwanza.

Alichofundisha Pinto

Huwezi kuzungumza juu ya matangi bila Ford Pinto, gari dogo la Marekani la miaka ya 1970, ingawa tangi lake lilikuwa la chuma. Lilikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, karibu na bampa. Gari likigongwa kwa nyuma tangi lilisukumwa mbele hadi likakutana na boliti za difu, na bomba la kujazia liliweza kuchomoka. Mwaka 1978 Ford iliyaita magari takriban milioni 1.5, Pinto na ndugu yake Mercury Bobcat, ili yarekebishwe. Marekebisho yenyewe yanafurahisha mtu wa plastiki: bomba la kujazia liliboreshwa na kurefushwa, na kati ya tangi la chuma na boliti ikawekwa ngao ya polietilini.

Funzo lililobaki ni kwamba nguvu ya tangi huanza na mahali lilipowekwa. Leo tangi la gari dogo hukaa mbele ya ekseli ya nyuma, chini ya kiti, ndani ya eneo la bodi lisilokusudiwa kukunjika. Msanifu huhakikisha hakuna boliti wala bano lililoelekeza ncha yake kwenye tangi, na kwamba mikanda ya chuma inayolibeba ina upana wa kutosha usioikata plastiki. Marekani hulipima gari zima: linagongwa kwa nyuma kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, halafu linabiringishwa taratibu kama nyama ya mshikaki, huku mafuta yanayodondoka yakipimwa kwa gramu.

Mzigo usiolala

Pigo la ajali hudumu kufumba na kufumbua. Mzigo unaowanyima usingizi wasanifu wa sasa ni ule mdogo usiokoma. Polietilini ikibebeshwa uzito mmoja siku nyingi inajinyoosha taratibu, kama rafu ya plastiki iliyopinda katikati kwa vitabu. Chuma cha tangi hakifanyi hivyo. Mahali penye kona kali au mvutano uliobaki tangu kiwandani, mnyoosho huo unaweza kugeuka nyufa ndogo zinazotembea polepole sana, na baadhi ya kemikali, sabuni zikiwemo, huziharakisha.

Magari ya haibridi ya kuchomeka umeme, yenye injini na mota ya umeme pamoja, yameuzidisha mzigo huu. Kwa kawaida mvuke wa tangi hupelekwa kwenye kopo la mkaa maalumu unaounyonya, na injini ikiwaka huuvuta mvuke huo na kuuchoma. Lakini haibridi inaweza kukaa wiki bila kuwasha injini. Kopo likijaa, mvuke uende wapi? Ufumbuzi ni kuufungia ndani ya tangi lenyewe, kwa mgandamizo unaoweza kufika baa 0.35.

Namba hiyo inaonekana ndogo kuliko upepo wa tairi la baiskeli. Izidishe kwa eneo. Tangi lenye uso wa juu wa sentimita 60 kwa 80 linasukumwa kuelekea juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 1.7, na uso wa chini vivyo hivyo kuelekea chini. Ni kama kuegesha gari lenye abiria juu ya karatasi ya plastiki yenye milimita tano, usiku kucha, kila usiku wa joto. Tangi la kawaida lingevimba kama samaki bunju na kugusa egzosi.

Baadhi ya watengenezaji walirudi kwenye chuma. Waliobaki na plastiki waliweka nguzo ndani: mihimili inayounganisha dari na sakafu ya tangi, ili kuta mbili zinazotaka kuachana zishikane mikono. Wengine huzibonyeza kuta zenyewe ziguse na kushikana katikati, wakilipia kwa lita zinazopotea. Mgandamizo ukipanda nguzo nzuri inazivuta kuta, na hewa ya ndani ikipungua inazisukuma. Lakini gari likigongwa na dari ikasogea, nguzo ngumu kupita kiasi itauchana ukuta inakoshikilia. Kwa hiyo nguzo huweza kuchongwa shingo nyembamba ili, ikibidi kitu kivunjike, kivunjike hapo na ukuta usalimike. Kusanifu mahali pa kuvunjikia ni kazi ngumu kuliko kusanifu nguzo.

Matundu ya dari

Tangi lisilo na tundu halina kazi. Panatakiwa pampu na geji, bomba la kujazia, vali za kupumua, vali ya kuzuia mafuta gari likipinduka. Kila kimoja kinamaanisha duara lililokatwa kwenye zile tabaka sita, na kipande kilichoyeyushwa na kubandikwa hapo kwa sahani ya moto. Pembezoni mwa kila duara mstari wa EVOH umekatika. Pembezoni mwa kila duara plastiki imepashwa moto mara ya pili na kupoa haraka. Ndiyo maana viwanda vimehangaika kuhamishia vali ndani ya tangi wakati soksi bado ya moto, kama mtu anayejenga jahazi ndani ya chupa, kusudi matundu ya nje yapungue.

Hapo ndipo fundi wangu alipokuwa anaelekea tangu mwanzo. Tangi lilipokatwa na kugeuzwa, mkwaruzo wa jiwe ulikuwa na kina cha karibu nusu milimita, haukufika hata tabaka la pili. Alipitisha ukucha kwenye duara la vali moja ya dari, kwa upande wa ndani, akasimama. Ufa ulikuwa umefuata mzingo wa kibandiko kwa robo ya duara, mwembamba kiasi kwamba bila tochi usingeuona. Juu ya dari, mafuta hayaufikii ila siku tangi limejaa. Siku nyingine unapitisha mvuke tu.

Nilimuuliza kama isingewezekana kuuziba kwa pasi ya kulehemu, maana nimeona wengi wakifanya hivyo na fito za plastiki. Alinionyesha ukingo wa kipande tulichokikata, bado kinanuka. "Ukuta umekunywa petroli miaka kumi," alisema. "Unataka niuwekee moto?" Hata bila hatari hiyo, plastiki iliyolowa mafuta haishikani vizuri na mpya, na lile tabaka la katikati halizibiki kwa kiraka. Akaenda kuangalia mikanda ya tangi jipya, akalegeza boliti moja iliyokuwa imekazwa mpaka plastiki ikaanza kujikunja, akaikaza tena kwa kipimo.

Yule muuza vipuri aliuza tangi lake hata hivyo.